Sentensi za Fundi Baridi

Kazini walimwita Mama Makosa, naye hakuchukia. Kila mtu na riziki yake: kuna anayeuza viazi, kuna anayezika watu, na yeye alikula kwa makosa ya wenzake. Alikuwa mtunzi wa maswali katika baraza la mitihani, kitengo cha lugha, na sehemu aliyopewa ilikuwa ile inayowatoa jasho vijana wote wanaotaka kuingia chuo kikuu. Sentensi imekatwa vipande vinne, kipande kimoja kina kosa, kitafute, kitie kivuli. Au useme hakuna kosa, kama unao ujasiri huo.

Anayedhani kukosea ni kazi rahisi ajaribu kukosea kwa mshahara. Kosa la kutungwa mezani linanuka toka mbali. Mtahiniwa analiona kabla hajamaliza kusoma, kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kulisema. Ndiyo maana baraza lilikuwa na kanuni yake kwamba kosa lazima liwe limetoka kinywani mwa mtu. Watunzi wengine walizunguka sokoni, vituo vya basi, mabenchi ya hospitali, masikio wameyatega kama wambeya wenye shahada. Mama Makosa hakuwa na haja ya kuzunguka. Yeye aliolewa na shamba zima.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Alitoka upande ambako Kiswahili ni lugha ya kuazima, akajifunza ukubwani kwa kuuliza bei na kubembeleza wateja, na alikisema kwa furaha ya mtu anayeendesha gari bila leseni. Mwanzoni mwa ndoa mkewe alimsahihisha. Baadaye akaona ni afadhali anyamaze, aishike sentensi kichwani kama mtu aliyeshika yai, na kesho yake aiandike ofisini. Fundi aliubaini mchezo huo mwenyewe bila kuambiwa, na alijivunia. Aliwaambia wageni kwamba mkewe anakula maneno yake, naye anakula chakula cha mkewe, kwa hiyo hawadaiani. Wengine hawakumwelewa, wakacheka tu kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

Sentensi ikishaandikwa haikuwa ya mtunzi tena. Rasimu ilichomwa kwenye pipa la uani, mtunzi mwenyewe akiwa amesimama hapo kushuhudia, na sentensi ikaingia katika benki ya maswali. Humo hukaa miaka. Hujaribiwa shule hizi, hupimwa shule zile, na hakuna anayejua itatoka lini, hata aliyeizaa. Mtunzi aliapa kutolizungumza swali lake na mtu yeyote, awe mume au mtoto. Na mwenye mtoto anayefanya mtihani mwaka huo alitakiwa ajitaje mapema na akae nyumbani.

Mwaka huu Mama Makosa alijitaja. Binti yake wa pekee, ambaye baba yake alimwita Bosi tangu yuko kwenye nepi, alikuwa mtahiniwa. Fundi Baridi mwenyewe hakuwepo kuona siku hiyo. Figo zilimchukua mwaka uliopita. Mama hakutunga hata swali moja, hakukanyaga ofisini, alifuata kanuni zote neno kwa neno. Lakini aliyeziandika kanuni hizo aliwawaza wezi tu. Hakuwawaza wafiwa.

Siku ya karatasi ya lugha Mama Makosa aliamua kufua mapazia ya nyumba nzima, ambayo hayakuwa machafu. Alikuwa uani anakamua la mwisho aliposikia mlango wa mbele. Akaangalia jua, akaona halijafika popote. Akaingia ndani mikono inadondosha maji.

Bosi alikuwa amesimama sebuleni, namba ya mtahiniwa bado iko kifuani, imebandikwa kwa pini.

"Mbona mapema, mwanangu?"

"Nimetolewa."

"Umetolewa na nani?"

"Msimamizi. Amesema naongea."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Bosi alivua viatu, akavisogeza ukutani, kimoja karibu na kingine, akavitazama kama vinaweza kumsaidia kujibu.

"Na Baba," akasema.

Mama alijua palepale. Alitaka asijue, akajifuta mikono kwenye kanga polepole kuliko ilivyohitajika, lakini alijua.

"Lilikuwepo, Mama. Sehemu ya makosa. 'Mtoto yangu akilala, nyumba inakuwa maskini.' Limekatwa vipande. 'Mtoto yangu', mstari chini, herufi A."

Hakuna haja ya kueleza sana. Bosi alipokuwa mdogo alikuwa na tabia ya kusinzia kwenye kochi, na baba yake ndiye aliyembeba kumpeleka kitandani. Akiwa mlangoni, mtoto begani, alimgeukia mkewe akasema sentensi hiyo, siku zote hiyohiyo, kwa masikitiko ya mzaha, kama mtu anayefunga duka. Mkewe aliisikia, akaipenda, akaipeleka kazini. Kosa lilikuwa safi, la kweli, la kinywani mwa mtu.

"Nilijua jibu," Bosi alisema. "Hata mtoto wa darasa la pili anajua hilo jibu. Lakini niliposhika penseli nikaona nakwenda kumwambia Baba kwamba amekosea kuniita mtoto wake. Najua ni ujinga, usinitazame hivyo. Nikaliruka. Nikaenda la mbele, nikawaza, labda na hili ni la kwake. Nikalisoma taratibu, kwa sauti yake, moyoni tu. Halikuwa lake. Nikajaribu linalofuata. Basi nikawa sifanyi tena mtihani, Mama, nikawa namtafuta. Sikujua kama sauti inatoka. Msimamizi akanionya, nikanyamaza, nikaanza tena bila kujijua. Akachukua karatasi."

"Ulikuwa umejaza mangapi?"

Lilikuwa swali la kiofisi, na mara tu lilipomtoka Mama Makosa alitamani kulirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Binti aligeuka kumtazama.

"Uliliandika wewe," akasema. Hakuuliza.

Mama aliyeapa alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa jibu tosha. Bosi aliichomoa ile pini, akaiweka namba mezani, akaenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Laiti angeubamiza, mama yake angepata mahali pa kuanzia.

Mambo haya yana mzizi, na mzizi haukuwa kwenye karatasi ya mtihani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bosi alilelewa na mama anayesikiliza makosa, akakua anayasikia. Alipoingia sekondari alianza kumrekebisha baba yake mezani, kwa upendo mwanzoni, jinsi mtu anavyomtoa mwenzake uzi begani. Fundi alicheka, akarudia alivyoambiwa, akakosea tena makusudi ili amchokoze. Kisha likaja suala la chuo. Kila jioni mama na binti walikaa na mazoezi. Mama hakutumia maswali yake, alikuwa mwaminifu kwa kiapo, ila makosa ya namna moja yanafanana kama ndugu. Alisoma sentensi, Bosi akajibu upesi upesi: kosa A, kosa C, kosa A. Fundi Baridi alikuwa anaingia na sanduku lake la vifaa, anasimama mlangoni akisikia namna anavyozungumza yeye ikikatwa vipande na mtoto wake mwenyewe, haraka, bila huruma, na mke wake akisema vizuri sana, endelea. Halafu anaenda kuoga.

Siku ya wazazi shuleni alisimama kumshukuru mwalimu wa hesabu. Alisema maneno machache tu. Wanafunzi wa mstari wa nyuma wakacheka, na Bosi akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Fundi aliona. Tangu hapo akawa anazijenga sentensi zake kwanza, mguu mmoja, halafu mwingine, kama anayepita kwenye sakafu mbichi ya saruji. Alipunguza mizaha, kwa sababu mzaha hausubiri upatanisho wa maneno. Watu mtaani walisema Fundi amekuwa mpole. Hata alipolazwa, na miguu imemvimba, alimwomba muuguzi amwinulie mto kwa sentensi iliyonyooka ambayo baraza lingeweza kuichapa iwe mfano wa kuigwa. Ilikuwa karibu ya mwisho kabisa. Na Mama Makosa, Mungu amsamehe, aliposikia jinsi ilivyonyooka alifurahi kidogo. Furaha hiyo ndogo ndiyo iliyomtafuna baada ya mazishi kuliko kitu kingine chochote.

Kesho yake baada ya Bosi kutolewa, Mama Makosa alikwenda ofisini. Mkuu wa kitengo chao alikuwa mtu mwema, miwani juu ya paji la uso, ambaye hakuwahi kukumbuka kwamba iko hapo. Mezani kwake kulikuwa na majina ya watahiniwa waliotolewa vyumbani. Utaratibu uliruhusu mtahiniwa wa namna hiyo kueleza sababu, na sababu ikikubalika alipewa karatasi ya akiba pamoja na waliougua. Huo ndio mlango pekee uliobaki kwa Bosi mwaka huo, na ufunguo alikuwa nao mama yake. Njia nzima alikuwa akijisemea atakavyosema.

"Dada, karibu. Nimesikia. Pole sana," mkuu alisema. "Kaa."

"Sikuja kukaa, mkuu. Nimekuja kueleza kwa nini binti yangu aliongea. Kuna swali mle ndani ambalo—"

"Dada." Aliinua kiganja. "Usimalize hiyo sentensi."

"Lazima niimalize. Ndiyo sababu yenyewe."

"Ukiimaliza nitalazimika kuiandika. Nisikilize mimi kwanza, halafu ukitaka utasema." Alinyanyuka akafunga mlango, akarudi akakaa upande wa mgeni, si nyuma ya meza. "Mama ni mtunzi. Binti ni mtahiniwa. Binti anakutana na swali analolijua tangu nyumbani. Hayo maneno yakifika kwa wenzangu, watayaitaje?"

Mama Makosa aliutazama mlango uliofungwa.

"Watasema swali limevuja. Hawatauliza limevuja kwa mapenzi au kwa kuuzwa. Wewe utakwenda, hilo pengine hulijali. Ila na yeye atafungiwa, si mwaka huu tu, na kila chuo kitapelekewa jina lake. Ukinyamaza, yeye ni msichana tu aliyeshindwa kujizuia kuongea. Atarudi mwakani na wengine, jina safi."

"Kwa hiyo akiwa na sababu ya kweli anaangamia, na asipokuwa na sababu anasamehewa."

"Hasamehewi, dada. Anasubiri."

Mama Makosa alikaa sasa. Alimfikiria Bosi akiingia tena chumba kilekile mwaka unaofuata, na msimamizi akigawa karatasi. Mkuki kwa nguruwe, husema watu, na siku zote alidhani msemo huo unawahusu wengine.

"Basi litoeni," akasema. "Hilo swali. Litoeni kwenye benki, lisitoke tena."

Mkuu alikuna shingo. Kilikuwa kitu ambacho hakutaka kukisema. "Sijui unasema lipi, na sitaki kujua. Lakini nitakuambia habari ya maswali yako ya zamani kwa jumla. Yanafanya kazi vizuri mno. Hakuna anayetunga kama ulivyokuwa ukitunga wewe. Mwalimu yeyote atakuambia vijana wanayaamini, wanayasikia kama mtu anaongea. Hatuna maswali bora kuliko hayo, dada. Yatatumika mpaka mimi na wewe tustaafu."

Siku nyingine angezichukua sifa hizo akatembea nazo wiki nzima. Aliuliza kama kuna namna ya kuziona rasimu zake za zamani, aziangalie tu, humo humo ofisini, mbele ya shahidi. Mkuu alimtazama kwa huruma akamkumbusha kwamba zilichomwa, na kwamba alikuwepo. Ni kweli alikuwepo. Alikumbuka hata alivyokuwa akisogea pembeni moshi usimwingie machoni. Alimshukuru mkuu, akamwambia miwani iko kichwani, akatoka.

Nyumbani alimkuta Bosi anatundika mapazia. Hakuna aliyemwomba, aliyakuta kwenye kamba yamekauka, akachukua kiti, akaanza. Mama alishika upande wa chini wa pazia ili lisiburuzwe, wakafanya kazi hiyo mpaka dirisha la pili. Ilikuwa rahisi kusema habari mbaya mikono ikiwa na kazi.

"Mwaka huu hakuna tena," akasema. "Utarudia mwakani."

"Umewaambia sababu?"

"Hapana."

Bosi alisimamisha kulabu angani. "Ulikwenda mpaka kule ukanyamaza?"

"Ningesema, wangekufungia kabisa. Wangesema nimekuvujishia." Alieleza yote, alivyoelezwa yeye, bila kujipaka mafuta. Binti alisikiliza kutoka juu ya kiti. Alikuwa na uso wa baba yake wakati friji ya mteja ilipogoma kupona, uso usiolaumu mtu, umechoka tu.

"Mimi sirudii, Mama."

"Usiseme hivyo sasa. Una uchungu."

"Mwakani watalileta lingine. Au hilohilo. Nitakaa pale namsubiri tena, nikimkuta nimkate. Sirudii." Alishuka kwenye kiti. "Alinyamaza kwa ajili yangu. Unajua hilo, au ulidhani ni figo?"

"Alinyamaza kwa ajili yetu sote wawili," Mama Makosa alisema, na ndipo machozi yalipomtoka, ambayo kwenye mazishi yenyewe aliyabana kwa sababu ya wageni. Bosi alimsogelea, akamketisha kwenye kile kiti, akachuchumaa mbele yake akamshika magoti. Walilia kama watu waliochelewa msiba, wanaojua wenzao wamekwisha kula na kuondoka.

Walipotulia kidogo, Bosi alijifuta uso kwa pazia lililobaki.

"Basi nipe hayo mengine," akasema.

"Yapi?"

"Uliyoyachukua kwake. Miaka yote hiyo. Sitaki ya mtihani, sitamwambia mtu. Nisemee tu kama alivyosema. Hilo moja nimelipata kwa sababu nimelisoma. Mengine siyasikii vizuri, Mama. Nikijaribu kumsikia nasikia hospitali tu, anavyoomba mto."

Kiapo kilimpita Mama Makosa kichwani kama gari barabarani, hakukitazama. Alitaka kumpa mtoto wake kitu. Aliwaza, akapata jambo moja zuri, la zamani kabla hata Bosi hajaanza shule. Umeme ulipokatika Fundi alikuwa akipiga makofi gizani, anatangaza kitu kuhusu umeme kwenda kwao, wote watatu wanaanza kucheka kabla mshumaa haujawashwa.

"Umeme ukikatika," alianza, "unakumbuka? Alikuwa anasema: 'Umeme wetu umechoka, umekwenda kwao kulala.'"

Bosi alisubiri, macho ameyafumba. Kisha akatikisa kichwa.

"Hivyo umesema wewe."

"Ngoja. 'Umeme yetu…'" Aliacha. Aliisikia mwenyewe ilivyokuwa ya mbao. Mumewe hakuikosea hapo, aliikosea mahali pengine, mahali patamu pasipotarajiwa, na hapo mahali aliwahi kupajua hata akapaandika kwa mkono wake. Kilichobaki kichwani kilikuwa jibu sahihi. Alijaribu tena akianzia katikati. Ulimi ulikwenda moja kwa moja hadi mwisho, umenyooka, kila neno limepatana na lenzake.

"Jaribu nyingine," Bosi alisema.

Akajaribu ile ya mteja aliyekataa kulipa, na ile ya mvua siku ya harusi yao. Maana zilikuja zote, na vichekesho vyake, na hata mikono ya Fundi ilivyokuwa ikienda hewani. Sentensi zilikuja safi.

"Labda wewe," mama akasema. "Wewe ulimsikia zaidi. Sema wewe ile ya umeme."

Bosi alivuta pumzi, akafungua mdomo, akaisema. Alikuwa mwanafunzi bora wa lugha shuleni kwao, mama yake alimfundisha kila jioni kwa miaka, na sentensi ilimtoka bila kosa hata moja. Alifunika mdomo kwa mkono. Mama yake alimtaka ajaribu tena, naye akajaribu, na wakakaa hapo kwenye dirisha lenye nusu pazia, mmoja akisema na mwingine akitikisa kichwa, wakijitahidi kukosea.